Ufashisti: Maana Yake, Asili Yake, Nguzo Zake na Mwisho Wake

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wake Muhammad na jamaa zake na masahaba wake.

Ama baada ya hayo. Somo hili ni la kubainisha siasa iitwayo ufashisti. Jina hili latajwa sana barazani, na kila mwenye ugomvi na mwenziwe humvika kama tusi. Lakini waijuao maana yake ni wachache. Na mtu achukiaye kitu asichokijua, siku kitakapomjia kwa jina jingine na mavazi mengine, atakipokea kwa mikono miwili. Tena siasa hii haikukaa Ulaya peke yake. Iliwaua Waislamu wa Barqa, ikawapeleka Waislamu wa Somalia na wa Libya vitani Uhabeshi, kisha ikajiita mlinzi wa Uislamu. Basi yampasa mwenye akili aijue kwa hoja, asiijue kwa uvumi.

MLANGO WA KWANZA: MAANA YAKE

Ama kwa lugha, asili yake ni neno la Kitaliana, fascio, yaani mtita wa vitu vilivyofungwa pamoja. Katika Roma ya kale watumishi wa mahakimu walikuwa wakitangulia mbele yao wamechukua mtita wa fimbo, na pamoja nazo shoka: fimbo za kupigia, shoka la kukatia shingo. Hiyo ilikuwa alama ya amri. Mafashisti wakaitwaa alama ile, wakasema: fimbo moja huvunjika, mtita hauvunjiki.

Maneno haya kwa dhahiri yake hayana ubaya, kwani kila mtu ajua kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini msomaji na aangalie shoka. Ni nani alishikaye, na ni nani awezaye kumwambia, basi, yatosha? Katika suala hili ndimo somo lote lilimo.

Ama kwa istilahi, ufashisti ni siasa ishikayo ya kwamba taifa ni mwili mmoja na dola ndiyo roho yake. Kwamba mtu hana thamani wala haki ila kwa kadiri aitumikiavyo dola. Kwamba dola huongozwa na mkuu mmoja asiyeulizwa. Na kwamba nguvu na vita ni katika mambo yanayomtukuza mwanadamu.

MLANGO WA PILI: ASILI YAKE

Aliyeianzisha ni Benito Mussolini, mtoto wa mhunzi, aliyezaliwa Predappio katika Italia mwaka 1883. Ujanani alikuwa msoshalisti, na mwaka 1912 akawa mhariri wa gazeti la chama hicho, Avanti!. Vita Vikuu vilipozuka mwaka 1914 chama chake kilitaka Italia isiingie, naye akageuka akaihimiza iingie. Akafukuzwa chamani mwezi wa Novemba mwaka ule ule.

Italia ilishinda pamoja na wenziwe, lakini ushindi wake ulikuwa mchungu. Askari wapatao laki sita walikufa, madeni yalizidi, vyakula vilipanda bei, wafanya kazi wakagoma, na wengi wakaona kwamba nchi yao haikupewa fungu lake katika ngawira. Katika uchungu huo Mussolini alikusanya watu Milan, tarehe 23 Machi 1919, wakafanya jamii yao. Vikosi vyao vilivaa mashati meusi. Vikatembea mashamba ya kaskazini, vikichoma nyumba za vyama vya wafanya kazi, vikipiga watu na kuwanywesha mafuta ya mbarika kwa nguvu ili kuwafedhehi. Matajiri wenye mashamba waliwapa fedha, na askari wa serikali mara nyingi walifumba macho.

Mwezi wa Oktoba 1922 mafashisti walitangaza kuiendea Roma. Waziri mkuu alimpelekea mfalme, Vittorio Emanuele III, hati ya kutangaza amri ya kijeshi ili wazuiwe. Mfalme akakataa kutia saini, akamwita Mussolini, akampa uwaziri mkuu. Na hili ni katika mazingatio makubwa ya khabari hii: mlango wa dola haukuvunjwa, bali ulifunguliwa kwa ndani, na watu wakubwa waliodhani kwamba watamtumia mkali huyu dhidi ya adui zao kisha watamfunga kamba.

Kamba haikufungwa. Mwaka 1924 Giacomo Matteotti, mjumbe wa bunge, alisimama tarehe 30 Mei akabainisha dhulma na udanganyifu wa uchaguzi uliopita. Tarehe 10 Juni akanyakuliwa njiani Roma, akauawa. Watu walighadhibika, serikali ikatikisika. Lakini waliokuwa na uwezo wa kuiondoa walingojana. Tarehe 3 Januari 1925 Mussolini alisimama bungeni akayachukua madaraka yote ya yaliyotokea, kama amwambiaye kila mtu: nifanyeni mtakalo. Wala hapana aliyefanya neno. Ilipofika mwisho wa 1926 vyama vingine vyote vilikuwa vimepigwa marufuku, magazeti yamefungwa kinywa, na mahakama maalumu ya kuwahukumu wapinzani imewekwa.

MLANGO WA TATU: NGUZO ZAKE

Mwaka 1932 ilitolewa katika kitabu kikuu cha maarifa cha Italia makala ya kueleza itikadi hii. Ilitiwa saini ya Mussolini, lakini sehemu yake ya falsafa iliandikwa na Giovanni Gentile, mwanafalsafa aliyekuwa waziri wake wa elimu. Kwa hiyo na kwa matendo yao nguzo zake zajulikana, nazo ni tano.

Nguzo ya kwanza ni dola. Waliokuwa kabla yao husema kuwa dola imewekwa ili ilinde watu, maisha yao na mali zao. Gentile aligeuza: mtu hukamilika akiwa ndani ya dola tu, na dola ndiyo dhamiri ya watu wote, ndiyo ipambanuayo jema na baya. Basi hapana chama, wala shule, wala nyumba, wala moyo, ulio nje ya mkono wake. Mfano wake ni nakhodha asemaye kuwa abiria wameumbwa kwa ajili ya jahazi, na si jahazi kwa ajili ya abiria; akiona jahazi nzito huwatosa, na hujiona mwenye haki.

Nguzo ya pili ni mkuu, waliyemwita Duce, yaani kiongozi. Ukutani iliandikwa kuwa Mussolini ana haki daima, na vijana wakafunzwa mambo matatu: kuamini, kutii na kupigana. Mwaka 1931 maprofesa wa vyuo vikuu waliamrishwa waape kiapo cha utiifu kwa mfalme na kwa utawala wa kifashisti. Katika maprofesa wapatao 1,200, waliokataa ni kama 12 tu. Mwenye elimu na azingatie hesabu hii asiighurike na elimu yake.

Nguzo ya tatu ni mapambano. Kwao amani ya kudumu ni ndoto ya wanyonge, na vita ndivyo vipimavyo watu. Hapa walichota kwa Georges Sorel, Mfaransa aliyesema kuwa umma hauendeshwi kwa hoja, huendeshwa kwa hadithi kubwa iwashayo nyoyo. Hadithi ya mafashisti ilikuwa Roma: kwamba ufalme wake wa kale utarudi na bahari ya kati iwe yao.

Nguzo ya nne ni kukataa usawa. Walisema kuwa watu hawakuumbwa sawa, na kwamba wengi hawawezi kujiongoza kwa kuhesabu vichwa. Kwa hivyo kura, bunge na uhuru wa kunena ni udhaifu.

Nguzo ya tano ni kufunga kazi na mali pamoja chini ya dola. Wasoshalisti walisema kuwa tajiri na mfanya kazi ni mahasimu. Mafashisti wakasema ni ndugu, na dola itawaamua. Migomo ikapigwa marufuku mwaka 1926, na mwaka 1934 mabaraza 22 yakawekwa, ya waajiri na waajiriwa. Kwa dhahiri ni suluhu. Kwa hakika mfanya kazi aliporwa chombo chake cha kujitetea, na tajiri akabaki na mali yake.

Tanbihi. Wanazi wa Ujerumani, walioshika dola mwaka 1933, ni jamaa wa madhehebu hii, lakini wao walitanguliza damu na kabila mahali ambapo Gentile alitanguliza dola. Hatta hivyo njia zilikutana: Italia nayo ilitoa sharia za ukabila dhidi ya Mayahudi mwaka 1938, na kabla yake, mwaka 1937, sharia ya kumwadhibu Mtaliana aishiye kinyumba na mwanamke wa makoloni.

MLANGO WA NNE: MATENDO YAKE KWA WAISLAMU

Libya iliingiwa na Italia mwaka 1911, kabla ya ufashisti. Lakini ufashisti ndio uliozidisha ukali. Watu wa Barqa walipigana wakiongozwa na Sheikh Umar al-Mukhtar, mwalimu wa Qurani katika tarika ya Sanusiya. Walipomshindwa, Wataliana walizifunga zawiya, wakatia uzio wa seng'enge mpakani mwa Misri, na tangu 1930 wakawahamisha watu wapatao laki moja pamoja na wanyama wao, wakawatia makambini jangwani. Makumi ya maelfu walikufa kwa njaa na maradhi. Sheikh Umar alishikwa Septemba 1931, akahukumiwa upesi, akanyongwa tarehe 16 mbele ya watu wake waliokusanywa kutazama. Umri wake ulikuwa umepita miaka sabini.

Tarehe 3 Oktoba 1935 zamu ilikuwa ya Uhabeshi. Wahabeshi walimwagiwa sumu ya gesi kutoka angani, ijapokuwa Italia ilikuwa imetia mkono wake katika mkataba wa kuikataza. Na katika jeshi lililopelekwa kutoka upande wa Somalia walikuwamo askari wa Kisomali na wa Kilibya: walioonewa jana wakafanywa fimbo ya kuwapigia wengine leo.

Kisha, mwezi wa Machi 1937, miaka isiyotimia sita baada ya kunyongwa Sheikh Umar, Mussolini alipanda farasi Tarabulusi, akapewa upanga ulioitwa Upanga wa Uislamu, akajitangaza mlinzi wa Waislamu. Na tarehe 7 Aprili 1939 majeshi yake yaliingia Albania, nchi ambayo wengi wa watu wake ni Waislamu.

MLANGO WA TANO: SHUBUHA NA MAJIBU YAKE

Shubuha ya kwanza. Huenda mtu akasema: Walijenga misikiti Uhabeshi na kuwafungulia Waislamu mambo waliyokuwa wamezuiliwa. Jawabu: Kujengwa kwake ni kweli. Lakini mkono uliojenga huku ndio uliofunga zawiya Barqa, na sababu ni moja. Dini kwao ilikuwa chombo: ikiitumikia dola hujengewa, ikisimama peke yake huvunjiwa. Wala hawakuihusu dini moja. Mwaka 1937 waliwaua pia watawa wa Kikristo wa Debre Libanos.

Shubuha ya pili. Huenda akasema: Waliondoa fujo. Jawabu: Fujo nyingi ya mwaka 1921 na 1922 ilikuwa yao wenyewe. Mwenye kuwasha moto kisha akauza maji hasifiwi kwa maji yake.

Shubuha ya tatu, nayo ndiyo kubwa. Huenda akasema: Nasi tumeamrishwa kushikamana na kuwatii wenye amri, basi tofauti iko wapi? Jawabu: Tofauti ni mbili. Ya kwanza, utiifu katika sharia una mpaka, nao ni kutomwasi Muumba. Na mtawala na mtawaliwa wote wako chini ya hukumu moja wasiyoitunga. Abu Bakr, radhi za Mungu zimshukie, alipopewa ukhalifa aliwataka watu wamnyoshe akipotoka. Naye Imamu Shafi, pamoja na ukubwa wake, alipofika Misri aliziacha kauli zake nyingi za Iraki kwa kuona dalili zilizo bora. Mwenye haki daima, asiyekosea wala kukosolewa, si katika watawala wala maulamaa. Ya pili, kushikamana kulikoamrishwa ni juu ya haki. Na kumsaidia ndugu yako akidhulumu ni kumshika mkono asidhulumu. Kushikamana na watu wako juu ya batili, kwa kuwa ni watu wako tu, ndiko kuitwako asabiya, nako kumekatazwa.

KHATIMA

Italia iliingia katika vita vya pili tarehe 10 Juni 1940 kwa majigambo makubwa. Majeshi yaliyotoka Kenya, yenye askari wa Afrika Mashariki, Nigeria na Afrika Kusini, yaliiteka Mogadishu tarehe 25 Februari 1941, na Addis Ababa ikaanguka Aprili. Tarehe 25 Julai 1943 baraza kuu la chama lilimkataa Mussolini, na mfalme yule yule aliyemfungulia mlango akaamrisha ashikwe. Wajerumani walimtoa wakamweka kaskazini, hatta akapigwa risasi na Wataliana wenziwe tarehe 28 Aprili 1945. Mwaka 1946 watu wa Italia walipiga kura wakauondoa ufalme. Na katiba yao iliyoanza 1948 imekataza kukifufua chama hicho.

Lakini katiba hukataza chama, haikatazi tamaa iliyo moyoni. Kila watu wanapofedheheka na kuchoka, hutokea wa kuwaambia: nipeni shoka, msiulize. Mwenye kulijua somo hili na aulize kabla shoka halijatoka mkononi mwake, kwani baada ya hapo muulizaji ndiye wa kwanza kukatwa.

MASUALA YA KUDURUSI

1. Ni nini maana ya ufashisti kwa lugha na kwa istilahi?
2. Mussolini aliingiaje katika dola, na nani waliomfungulia?
3. Zitaje nguzo tano, na mfano wa kila moja.
4. Kuna tofauti gani baina ya umoja na asabiya?
5. Kwa nini Upanga wa Uislamu haukuwa hoja kwa watu wa Barqa?

Wallahu aalam.