Niletee Kamusi ya Kiebrania

Somo: 2 Timotheo 4:9-13



Katika vikundi vyetu vya nyumbani nasikia watu wakisema, "Mimi nikijazwa Roho inatosha. Mambo ya kusoma ni ya wachungaji." Wacha tulipime neno hilo.

William Tyndale alikuwa Mwingereza. Siku zake, kutafsiri Biblia kwa Kiingereza bila kibali cha askofu lilikuwa kosa. Akaihama nchi yake mwaka wa 1524, na mwaka wa 1526 akachapisha Agano Jipya. Lakini Agano la Kale liliandikwa kwa Kiebrania, na huko Uingereza walioijua lugha hiyo walikuwa wachache mno. Akajifunza ugenini, mtu mzima, tena anawindwa. Mwaka wa 1530 akatoa vitabu vitano vya Musa, na baadaye kidogo Yona.

Mwaka wa 1535, kule Antwerp, mtu aliyemwamini akamsaliti. Akafungwa katika ngome ya Vilvoorde. Barua aliyoandika humo ipo hadi leo. Anaomba kofia ya joto kwa sababu ya mafua, koti, kitambaa cha kutilia viraka, na taa ya jioni. Lakini zaidi ya hayo yote anaomba Biblia ya Kiebrania, kitabu cha sarufi, na kamusi. Oktoba 1536 akanyongwa, mwili wake ukachomwa. Kazi ya Agano la Kale wakaimalizia wengine.

Sasa mtazame Paulo, naye gerezani. Anaomba joho, halafu vitabu. Huyu ndiye aliyenena kwa lugha kuliko Wakorintho wote (1 Wakorintho 14:18)! Kama kujazwa Roho kunaondoa kusoma, mbona yeye aliendelea?

Tujifunze mawili:

1. Roho hutufundisha, lakini hatusomei. Kufungua kitabu ni kazi yako.

2. Asiyelijua Neno hudanganywa kwa urahisi. Akija mtu na "unabii" wa kukuuzia maji au mafuta, utampima kwa nini? Waberoya walimpima hata Paulo (Matendo 17:11).

Kazi ya wiki: soma Yona, sura moja kwa siku, siku nne tu. Andika kila neno usiloelewa, uje nalo kikundini. Hakuna swali la aibu.

Ee Bwana, utupe njaa ya Neno lako. Amina.