SOMO LA HISTORIA: UGOMVI JUU YA UTUMWA NA VITA VYA PWANI VYA MWAKA 1888

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, lipo swali ambalo watoto wetu huulizwa na wenzao shuleni: "Dini yenu si ndiyo iliyoleta utumwa?" Wapo wanaonyamaza kwa aibu, na wapo wanaokasirika wakaanza ubishi. Kunyamaza si jawabu, na hasira si hoja. Jawabu ni elimu. Basi tuisome habari hii kama ilivyokuwa, mazuri yake na mabaya yake.

1. BIASHARA ILIYOPITA KARIBU NASI

Tusidhani kuwa haya yalikuwa mambo ya watu wa Pwani peke yao. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo ikapita Mamboya, Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika Kwihara karibu na Tabora, kisha Ujiji. Kilimatinde iko Manyoni, ndani ya mkoa wetu huu wa Singida.

Misafara ilikuja na shanga, bunduki na nguo, ikarudi na pembe za ndovu na watu. Si kila aliyebeba mzigo alikuwa mtumwa. Wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walifanya kazi kwa ujira. Lakini wengine walitekwa vitani au kuibwa vijijini, wakatembezwa miezi mingi hadi Pwani. Waliofika walilima mikarafuu Unguja na Pemba, au waliuzwa ng'ambo.

Ni nani waliohusika? Walikuwamo Waarabu na Waswahili walioongoza misafara, matajiri wa Kihindi waliowakopesha mali, machifu wa bara waliouza mateka wao, na Wafaransa walionunua watu kwa ajili ya mashamba ya visiwa vyao. Pembe zilinunuliwa Ulaya na Marekani. Hata nguo ile iliyoitwa "merikani" ilitoka Marekani, na pamba yake ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Huko nako ugomvi juu ya utumwa uliigawa nchi, wakapigana wenyewe kwa wenyewe tangu mwaka 1861 hadi 1865.

2. MIKATABA NA MANUNG'UNIKO

Waingereza, ambao hapo awali walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa watumwa, waligeuka wakaanza kuwabana watawala wa Zanzibar. Mwaka 1822 Seyyid Said alikubali kutowauza watumwa kwa mataifa ya Kikristo. Mwaka 1845 alikubali wasipelekwe tena nje ya milki yake ya Afrika.

Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alitia saini mkataba mkubwa zaidi. Mwanzo alikataa, akatishiwa kuzingirwa na manowari. Mkataba ule ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na ukafunga masoko yao, likiwemo soko la Mkunazini mjini Unguja. Wafanyabiashara wakawatembeza watumwa kwa miguu kandokando ya Pwani kutoka Kilwa, na mwaka 1876 Barghash akaikataza na misafara hiyo.

Hapa pana jambo la kulielewa. Wenye mashamba waliona riziki yao inakatwa, na waliona pia kuwa mtawala wao anaamrishwa na wageni. Manung'uniko hayo mawili yakachanganyika: moja la dhulma, kwani walitaka kuendelea kumiliki watu, jingine la haki, kwani hawakutaka kutawaliwa.

3. VITA VINAWAKA

Mwezi Aprili 1888 Seyyid Khalifa aliikodisha Pwani yetu kwa kampuni ya Kijerumani. Agosti maofisa wa kampuni walifika kuchukua miji. Walitaka bendera yao ipandishwe, ushuru ulipwe kwao, na watu waandikishe mashamba yao. Watu wa Pangani walilalamika kuwa ofisa mmoja aliingia msikitini na mbwa. Watu wakainuka, Pangani kwanza, kisha Pwani nzima hadi kusini.

Kiongozi aliyejulikana zaidi ni Abushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa Pangani. Huko Sadani aliongoza Bwana Heri. Pamoja nao walipigana watu wa makabila mengi, waungwana na watumwa.

Kampuni ikashindwa. Bismarck, mkuu wa serikali ya Ujerumani, alihitaji fedha za bunge lake. Mwaka huohuo Kadinali Lavigerie alikuwa akihubiri Ulaya dhidi ya biashara ya watumwa. Bismarck akaishika hoja hiyo. Vita vya kuilinda kampuni vikaitwa vita vya kukomesha utumwa. Desemba 1888 manowari za Ujerumani na Uingereza ziliizingira Pwani kwa jina hilo, na Januari 1889 bunge likatoa marki milioni 2. Hermann von Wissmann akaja na askari, wengi wao Wasudani waliokusanywa Misri na wengine kutoka Msumbiji. Abushiri alikamatwa akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri alisalimu amri mwaka 1890.

4. JE, WATUMWA WALIACHWA HURU?

Hapa ndipo ukweli unapojitokeza. Wajerumani walipokwisha kuitwaa nchi hawakuufuta utumwa. Walizuia biashara ya kuuza watu, lakini waliokuwa watumwa walibaki kwa mabwana zao. Watoto waliozaliwa baada ya mwaka 1905 tu ndio waliohesabiwa huru. Unguja na Pemba utumwa ulifutwa kwa amri ya mwaka 1897, na hapa Tanganyika kwa sheria ya mwaka 1922, chini ya Waingereza. Miaka 33 ilipita tangu Abushiri anyongwe.

5. DINI YETU INASEMAJE?

Utumwa ulikuwepo duniani karne nyingi kabla ya Uislamu. Uislamu ulipokuja ulifungua milango ya kuwatoa watu humo. Suratul Balad inataja kumwacha mtumwa huru kuwa ni katika kuipanda njia ya mlimani. Katika Suratut Tawba, kukomboa watumwa ni fungu mojawapo la Zaka. Kafara ya kuua kwa bahati mbaya na kafara ya kiapo zimetajiwa kuacha mtu huru. Sayyidna Abubakar (R.A.) alimnunua Bilal (R.A.) akamwacha huru, naye akawa muadhini wa Mtume (S.A.W.). Na katika Hadithi sahihi, anayemuuza mtu huru akala thamani yake ni miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu yao Siku ya Kiyama.

Basi mtu aliyevamia kijiji akateka watu akawauza alifanya dhulma, hata kama jina lake lilikuwa la Kiislamu. Haitupasi kumtetea. Kumtetea dhalimu kwa sababu ni mwenzetu ni kuisingizia dini.

MAFUNZO

(a) Tukiri kosa la waliotangulia bila ya kulibebesha dini.
(b) Hoja ya haki inaweza kutumiwa na mtu mwenye tamaa. Tutazame anachokifanya baada ya kushinda.
(c) Asitukanwe mtu yeyote kwa asili yake. Mjukuu wa mtumwa na mjukuu wa bwana husimama safu moja katika Sala.
(d) Mtoto anayetumikishwa nyumbani kwa watu bila ujira wala shule naye amedhulumiwa. Wazazi, tuliangalie hilo majumbani mwetu.

MASWALI

1. Mkataba wa mwaka 1873 ulikataza nini?
2. Taja manung'uniko mawili ya wenye mashamba wa Pwani. Lipi lilikuwa la haki, na kwa nini?
3. Mwenzako akikuuliza swali lililotajwa mwanzo wa somo, utamjibuje bila ya hasira?

Wabillahi tawfiq.