Mzee wa Nevi Akumbukwe kwa Watu Aliowalea

Leo nataka tukae na mdogo wetu mmoja wa Shelly Beach, kule Likoni. Baba yake mkubwa, mstaafu wa Nevi, ametangulia mbele ya haki, na hitima ya arobaini inakaribia. Familia imemtwika yeye kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Ana barua ya kustaafu, medali na picha chache, na hajui aanzie wapi. Ananiuliza: "Dada, mzee hakuwa mtu wa kusimulia mambo ya kazini. Nitasema nini mbele za watu?"

Kwanza pole sana, mpenzi. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu na awape subira. Jibu langu ni hili: vyeo viandike kwa ufupi, watu waandike kwa urefu.

Watu wa Likoni wanaijua Nevi. Jeshi la Wanamaji la Kenya lilianzishwa tarehe 12 Desemba 1964, na kambi yake kubwa iko hapo hapo Mtongwe. Ndiyo maana mitaani kwenu hakukosekani mstaafu ambaye shati lake halikunjamani, alfajiri haimkuti kitandani, na vijana wa maskani wakimwona tu wanakaa vizuri. Mshahara wa jeshi ulikwisha siku alipostaafu, lakini kazi ya kulea hakuiacha. Huyo ndiye wa kuandikwa.

Basi chukua daftari uwafuate waliopita mikononi mwake. Usiwaulize, "Mzee alikuwaje?" Watakujibu, "Alikuwa mtu mzuri," na habari itaishia hapo. Uliza hivi: siku ulipokosea, alikwambia nini? Kitu gani unachokifanya leo kwa mikono yako ni yeye aliyekufundisha? Ni nani mwingine ambaye mzee alimsaidia na sisi hatujui? Mmoja atakwambia alikatazwa kupanda mashua mpaka ajue kuogelea. Mwingine atakwambia alifundishwa kufika kazini mapema kuliko bosi wake. Maneno madogo kama hayo yatamrudisha mzee mbele ya watu kuliko medali zote.

Kumbuka tulivyompoteza Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi. Helikopta ilianguka Elgeyo Marakwet tarehe 18 Aprili 2024, akafa yeye na wanajeshi wengine 9. Alijiunga na jeshi tarehe 24 Aprili 1984, kwa hivyo zilibaki siku 6 atimize miaka 40 ya utumishi. Alikuwa rubani wa ndege za kivita, akawa mkufunzi wa marubani wenzake, na mwaka 2018 akawa kamanda wa Jeshi la Wanahewa. Ni mengi hayo, lakini waulize Wakenya leo wanakumbuka nini. Watakwambia wasia wake: azikwe ndani ya saa 72, tena bila jeneza. Tarehe 21 Aprili akazikwa hivyo, nyumbani kwake Ng'iya, Siaya.

Pwani tumezoea sanda na maziko ya haraka. Lakini katika nchi ambayo familia hukopa ili ionekane imezika, mkubwa kama yule kuagiza azikwe hivyo lilikuwa somo kwa taifa zima. Alilitayarisha mapema akiwa mzima, na familia yake ikalitimiza. Mwalimu wa kweli hufundisha hata siku ya kuzikwa kwake.

Sasa nikuonye mambo mawili, mdogo wangu. La kwanza, usimtungie mzee vita. Kama huna hakika kwamba alikuwepo Kismayu, kule Somalia, ilipotekwa mwaka 2012, usiandike. Waulize wenzake waliotumikia naye, au chama cha wanajeshi wastaafu, DEFOCA. Wakinyamaza, heshimu ukimya wao. Askari ana mambo aliyoapa kutoyasema, na mengine yanamuuma. La pili, usimfanye malaika. Kama nidhamu yake ilikuwa kali hata nyumbani mkamwogopa, sema kwa adabu. Waliomjua watakuamini zaidi.

Naambiwa pia kuna mchango wa fulana zenye picha yake. Hapana ubaya, lakini fulana huchakaa. Kwanza mwangalieni mjane: karatasi zake za pensheni ziko sawa? Kuna wa kumsindikiza ofisini kuzifuatilia? Kisha, kikibaki kitu, kaeni mjadiliane kumsaidia ada kijana mmoja wa mtaani, kwa mfano pale Bandari Maritime Academy, ajifunze kazi ya baharini kama mzee. Wahenga walisema wema hauozi. Wa kwake msiuache uishie kwenye hotuba.

Ukimaliza kuandika, msomee mama mkubwa kabla ya kumsomea mtu mwingine. Yeye ndiye aliyebaki na watoto mume alipokuwa kazini, na hakupewa medali. Atakalosema uondoe, ondoa. Atakaloongeza, lishike kama lilivyo.

Na nyinyi wengine ambao wazee wenu wastaafu bado wako hai, msingoje arobaini. Siku ya KDF, yaani Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, huadhimishwa tarehe 14 Oktoba, lakini hata kesho ni siku nzuri. Nenda na mkate wa mofa, keti, muulize nani alimfunza yeye na nini angependa tukiendeleze. Muulize pia, bila woga, angependa azikwe vipi. Andika majina na miaka, umsomee akusahihishe mwenyewe, maana mwenye habari yake bado yupo, na wewe bado una nafasi ya kumwambia ahsante akasikia.