Kusafisha Intakula ya Lori Nyumbani

Kila msimu wa karafuu ukikaribia hutufikia maswali mengi juu ya malori kuliko juu ya mikarafuu yenyewe, wala hatustaajabu. Maana karafuu iliyochumwa na kuanikwa haina faida mpaka ifike kituoni, na lori likilala njiani magunia nayo hulala. Safari hii maswali matatu yamefanana. Lori lenye tabo limepungua nguvu mlimani, latoa moshi mweusi, na fundi amesema inunuliwe tabo mpya. Tabo ni kitu cha fedha nyingi. Kabla mwanachama hajauza ng'ombe wake kwa ajili hiyo, twaomba amtazame kwanza jirani wa tabo, nayo ni intakula.

Kwa sababu ya maswali hayo tulivuka kwenda Bara, tukafika Fukayosi, katika njia itokayo Bagamoyo kwenda Msata, kwa shemeji yetu mmoja mwenye malori mawili ya kuchukua mananasi ya Kiwangwa. Barabara kuu siku hizi ni ya lami, lakini mananasi hayaoti kando ya lami. Lori huingia mashambani kwa njia za vumbi, na wakati wa masika kwa matope. Moja katika malori yale lilikuwa na ugonjwa ule ule mlioueleza katika barua zenu. Tuliifungua intakula yake uani, chini ya mwembe, na somo hili limetokana na kazi ile, pamoja na kosa tulilolifanya sisi wenyewe.

Tabo ni pangaboi dogo linalozungushwa kwa nguvu ya moshi wa injini, nalo huishindilia hewa ndani ya injini. Hewa ikishindiliwa hupata moto. Kila aliyejaza baiskeli upepo kwa pampu ya mkono anajua pampu inavyochoma kiganja. Siku yenye joto la nyuzi 30, hewa iliyoshindiliwa mara mbili hutoka katika tabo ikiwa imepita nyuzi 100. Hewa ya moto imetanuka, kwa hiyo injini huvuta pumzi kubwa lakini hupata hewa kidogo. Hapo ndipo intakula inapofanya kazi. Umbo lake ni kama rejeta, ila ndani yake hupita hewa badala ya maji. Aghalabu hukaa mbele ya rejeta, na upepo wa njiani huipoza. Ikiishusha hewa ile mpaka nyuzi 50 hivi, injini hupata hewa zaidi kwa kiasi kama cha moja ya tano. Ikiziba, dizeli huja kama kawaida na hewa hupungua. Dizeli isiyopata hewa ya kutosha haiungui yote, ndiyo maana ya ule moshi mweusi.

Uchafu wa nje ni vumbi, matope, wadudu na mbegu za majani zilizojibana katikati ya mapezi. Dawa yake ni maji ya mpira yasiyo ya nguvu, yapelekwe kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu urudi kwa njia uliyoingilia. Mashine ya kuoshea magari ikisogezwa karibu huyalaza mapezi yote, na pezi lililolala halipitishi upepo. Hapa tuna neno na wenzetu wanaoishi karibu na pwani: msioshe lori kwa maji ya bahari. Intakula nyingi ni za aluminiamu, na chumvi huila. Kadhalika msitie magadi wala soda kali, hata kama yaliondoa masizi ya sufuria vizuri.

Uchafu wa ndani ni oili. Kila injini yenye tabo hupitisha ukungu mdogo wa oili pamoja na hewa, na ukikuta utando ndani ya mabomba, au kijiko kimoja au viwili chini ya intakula, hilo si ugonjwa. Katika lori la Fukayosi tulimwaga kikombe kimoja na nusu cha chai. Kiasi hicho ni kingi, na tena ni cha hatari, kama tutakavyoona.

Kazi yenyewe hufanywa injini ikiwa imepoa, na waya wa betri umefunguliwa. Legeza klempu za mipira miwili mikubwa, ya kuingia na ya kutoka, kisha ifungue mipira kwa kuizungusha taratibu, usiichokoe kwa bisibisi. Itazame mipira hiyo ndani na nje, kwani oili huilainisha, na ufa mdogo hutosha kupoteza nguvu ya lori zima. Mabomba yanayobaki kwenye injini yazibe kwa matambara makubwa yenye kuonekana, na uyahesabu. Sisi tulitumia vipande vya kanga nyekundu kwa makusudi. Tambara likisahauliwa humo huvutwa ndani injini iwashwapo.

Ukiisha kuitoa, isimamishe juu ya beseni, mdomo ukiwa chini, uiache usiku kucha. Oili nzito haina haraka. Asubuhi pima ulichopata na ukiandike, maana utakihitaji baadaye. Kisha tia lita mbili hivi za mafuta ya taa, ziba midomo yote miwili, na watu wawili waitikise kama watikisavyo dumu la maziwa. Mwaga, utie mengine, mpaka yatoke kama yalivyoingia. Petroli msitumie kabisa, kwani mvuke wake hubaki ndani na cheche moja hutosha. Mafuta machafu yakusanywe katika dumu, yasimwagwe karibu na kisima.

Sasa kosa letu. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, na asubuhi lori lilikuwa na mzigo wa kuchukua. Tuliisimamisha intakula juani kwa muda wa saa moja, tukaishika nje ikawa kavu, tukaifunga. Injini ikawaka vizuri. Dereva alipokanyaga mafuta ikaanza kupanda yenyewe, moshi mweupe ukajaa ua, na alipozima ufunguo haikuzimika. Mafuta ya taa yaliyokuwa yamejificha chini ya intakula yalivutwa pamoja na hewa, na injini ya dizeli haichagui: ufunguo hukata dizeli ya pampu, lakini haukati kinachokuja kwa njia ya hewa. Injini ya namna hiyo huzidi kukimbia mpaka kitu kivunjike. Utingo, kijana mwenye akili kuliko sisi wazee siku ile, alinyakua mfuniko wa sufuria ya dada yetu akaubana kwenye mdomo wa bomba la hewa. Injini ikakoroma ikafa. Bahati yetu ilikuwa moja tu, kwamba bomba la kwenda kwenye kichujio cha hewa tulikuwa bado hatujalirudisha, na mdomo ulikuwa wazi mbele yake.

Sisi watu wa karafuu tungestahili kuona haya zaidi ya wengine. Ni nani kati yetu atiaye guniani karafuu iliyoona jua siku moja, kwa kuwa ganda la nje limebadilika rangi? Twangoja kikonyo kikatike kwa sauti.

Basi kesho yake tulianza upya. Baada ya mafuta ya taa ilioshwa kwa maji ya moto kiasi na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mara mbili, kisha kwa maji safi mpaka povu likaisha. Ikaanikwa siku mbili kamili, asubuhi mdomo huu chini na mchana mdomo ule. Mwenye kompresa apulizie, lakini jua nalo latosha. Kipimo tulichokitumia ni hiki: funga midomo kwa nailoni nyeupe yenye kuonyesha, uiache juani muda wa saa moja, ukiona umande upande wa ndani wa nailoni, bado. Tena nusa. Ikiwa yanuka mafuta ya taa, bado vile vile. Maji yakiachwa ndani kwa wingi ni hatari nayo, kwa kuwa pistoni haiwezi kuyashindilia kama hewa, na mkono wake hupinda.

Siku ya kuwasha, hesabu matambara kwanza. Bomba la kichujio liache wazi, na mtu asimame karibu na ubao bapa mkononi. Kiganja kisitumiwe, kwani mvuto wake ni mkubwa. Iache injini ingurume taratibu dakika kumi kabla ya kukanyaga mafuta. Safari ya pili ilinguruma kwa utulivu, na dada yetu akarudishiwa mfuniko wake, umepinda kidogo.

Imebaki kujua oili ile ilitoka wapi, kwani kusafisha bila kujua ni kupiga deki huku paa linavuja. Tuliushika mhimili wa tabo tukauvuta na kuusukuma. Haukucheza mbele na nyuma. Tabo ilikuwa nzima. Kichujio cha hewa ndicho kilichokuwa kimeziba kwa vumbi la mashambani, na tabo ikikosa hewa ya kuvuta mdomoni hufyonza oili kupitia kwenye sili zake. Sehemu nyingine za kutazama ni bomba la kurudisha oili kutoka kwenye tabo, na bomba la pumzi ya injini. Yakiziba, matokeo ni yale yale. Lakini mhimili ukicheza mbele na nyuma, fundi wako alisema kweli, na fedha hazina budi kutoka. Na kama tabo imekwisha kuvunjika na mapanga yake kumeguka, msioshe intakula ya zamani mkairudisha: vipande vya chuma hujibana ndani yake, havitoki vyote, na siku moja vitaifuata injini mpya. Hiyo nunueni nyingine.

Baada ya safari ya kwanza kaza tena klempu zote, maana mpira ukipata moto hukaa vingine. Ukiisha kwenda mwezi mmoja, fungua bomba la chini utazame, na ulinganishe na kile kiasi ulichokiandika.