SOMO: Mwenyeji ni nani? Tuziulize picha za Lubumbashi



Katika vikundi vya mazungumzo swali moja hurudi kila mara: nani ni mwenyeji, nani ni mgeni? Likiulizwa wazi, watu hunyamaza au hugombana. Katika somo hili tunapendekeza njia nyingine: wasanii wa Lubumbashi waanze kusema, sisi tufuate.

Kwanza tuukumbuke mji wenyewe. Ulianzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba. Kompania ya Union Minière iliajiri watu kutoka Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia), Kasai, Lomami, Rwanda na Burundi. Watoto wao walikulia katika kambi za wafanyakazi wakisema Kiswahili, lugha ambayo wazazi wengi hawakutoka nayo kijijini. Hata hivyo, mwaka 1992 na 1993 watu wengi sana wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Familia nzima zililala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi zikingoja treni ya kwenda “kwao”, mahali ambapo baadhi ya watoto hawakuwa wamepaona hata siku moja.

Miaka 20 kabla ya hapo, katika nyumba nyingi za Lubumbashi ungekuta picha ya rangi ukutani. Watu waliziita picha za namna hiyo ukumbusho. Moja ilikuwa ya mamba-muntu, mwanamke nusu samaki. Nyingine iliitwa Colonie belge: mfungwa amelala chini, askari mweusi anamchapa viboko, Mzungu anatazama. Ni ajabu kidogo kutundika kitu kama hicho mahali mnapokula. Lakini picha haikununuliwa kwa urembo tu. Mgeni akiketi aliuliza, na mwenye nyumba alisimulia. Kila mtu aliyekuwamo chumbani, awe ametoka wapi, aliweza kuongeza ya babu yake.

Mmoja wa wachoraji hao alikuwa Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Mwaka 1973 na 1974 alichora picha zipatazo 100 za historia ya nchi nzima: wafalme wa zamani, ukoloni, Lumumba, kujitenga kwa Katanga, utawala wa Mobutu. Alizieleza kwa Kiswahili kwa mtaalamu Johannes Fabian, ambaye alizitoa katika kitabu mwaka 1996. Tshibumba alijiita mwanahistoria. Hakuomba ruhusa ya chuo kikuu wala ya wazee wa kabila fulani. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hajulikani alipo.

Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, anatumia kamera. Katika kazi yake ya mwaka 2006 iitwayo Mémoire, alichukua picha za zamani za wafanyakazi na wakubwa wa kikoloni, akawasimamisha katikati ya magofu ya viwanda vya Gécamines. Tukumbuke kwamba miaka michache kabla yake wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni hiyo walikuwa wameondolewa kazini. Ukiwatazama watu wale huwezi kujua nani ni wa kabila gani. Unaona tu waliojenga, na kilichobaki. Kwa maoni yetu, ni picha ngumu kuliko hotuba nyingi.

Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa mji huohuo mwaka 1981, ni mshairi na mwandishi anayeishi Austria. Riwaya yake Tram 83, iliyotoka mwaka 2014, inapita katika baa moja ambamo wachimbaji, wanafunzi, wanamuziki na watalii hukutana. Humo makosa na njaa ni vya wote. Msitafute watakatifu.

Zoezi la kikundi

Kila mmoja alete kutoka nyumbani kitu kimoja cha ukumbusho: picha, kadi ya kazi ya baba, kitambaa, sufuria. Kisikuwepo kitu cha kabila la mwingine. Mwezeshaji asiulize “wewe ni wa wapi?” Aulize: nani alikuachia kitu hiki? Alifanya kazi gani hapa? Nani mwingine alifanya kazi naye?

Swali la mwisho huchukua muda mrefu kuliko yote. Msilikatize. Anayeandika aandike majina na mahali tu. Hoja za ardhi na vyeo mziache kwa mkutano mwingine.