Roboti Zikipiga Hodi

Mimi ndiye ninayetunza tovuti ya jumuiya yetu, sisi tuliosoma pamoja sekondari. Asubuhi moja nilifungua orodha ya wanachama wapya nikakuta kurasa kwa kurasa za majina kama "xkvrtop", yote yamesajiliwa alfajiri ndani ya dakika chache, na kila wasifu una kiungo cha kamari. Nilishinda nikifuta. Katika fagiafagia ile nilimfuta na mwenzetu wa kweli, na hilo linaniuma mpaka leo. Tangu hapo nimejifunza kuzizuia roboti bila kuwafukuza watu.

1. Tega kisanduku kisichoonekana. Ongeza kisanduku kimoja kwenye fomu, kiite "tovuti yako", kisha kifiche kwa CSS. Mtu hakioni, kwa hiyo atakiacha kitupu. Roboti husoma msimbo na kujaza kila inachokikuta. Kikirudi kimejazwa, kataa usajili huo. Hakikisha tu kwamba kivinjari hakikijazi chenyewe, na kwamba programu za kuwasomea wasioona zinakiruka.

2. Pima muda. Hakuna anayeweza kuandika jina, baruapepe na nywila kwa sekunde 2, kwa hiyo fomu ikirudi upesi hivyo, ikatae.

3. Uliza swali la nyumbani. Hapa ndipo nilipopata nafuu kuliko pengine pote. Roboti nyingi hazikuja kwako kwa makusudi. Zinazurura zikitafuta fomu ya aina inayojulikana dunia nzima, na swali moja la Kiswahili huzikwamisha. Nilianza na "Adhuhuri ni saa ngapi?" Wenzangu wakajibu "6", "sita", "saa sita mchana", na mmoja aishiye Toronto akaandika 12. Fomu, iliyosubiri "saa sita" tu, ikawakatalia wote. Nikabadilisha: "Mtoto wa ng'ombe anaitwaje?" Ndama. Neno moja, tahajia moja. Iruhusu fomu ipokee pia "Ndama" yenye herufi kubwa, kwa sababu simu nyingi huiweka zenyewe. Na usiliache swali lilelile miaka nenda rudi. Zipo programu za akili mnemba zinazomjua ndama vizuri.

4. Mafumbo ya picha yawe ya mwisho kabisa. Luis von Ahn na wenzake walieleza CAPTCHA, yaani fumbo la kumtofautisha mtu na roboti, katika makala yao ya mwaka 2003, na kwa muda lilikuwa jibu zuri. Siku hizi kuna watu wanaolipwa ujira mdogo kuyafumbua mafumbo hayo kwa niaba ya roboti. Anayebaki akihangaika ni mzee wetu wa Singida: anaambiwa achague picha zenye bomba la zimamoto la mitaa ya Marekani, kitu ambacho hajapata kukiona, kwenye kioo cha simu kilichopasuka, na bando linakatika. Nayaondoa kila ninapoweza.

5. Usifunge anwani ya IP kwa hasira. Mitandao ya simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja. Ukiifunga kwa ajili ya roboti moja, unaweza kuwafungia nje majirani wasio na habari. Afadhali uweke kikomo cha usajili kwa saa.

6. Thibitisha kwa baruapepe kabla ya kufikiria SMS. Kila SMS unailipia, na wapo matapeli wanaoagiza namba za uthibitisho kwa wingi kwenda kwenye laini wanazopata mgao wa malipo yake. Mfuko wa jumuiya utakauka kwa usiku mmoja.

7. Zinyime roboti zinachokifuata. Nyingi hujisajili ili kupachika viungo vitakavyoipandisha tovuti fulani kwenye injini za utafutaji. Mwaka 2005 Google ilileta alama ya "nofollow", inayoiambia injini isikipe kiungo uzito. Iweke kwenye wasifu wote. Kisha mwanachama mpya asiweze kuweka kiungo chochote mpaka ujumbe wake wa kwanza usomwe na mtu.

8. Uliza kabla ya kufuta. Nikilitilia shaka jina, namwandikia mwenyewe: "Ulilala bweni gani?" Roboti hunyamaza. Mwenzetu hujibu aya nzima, na jina la matroni ndani yake.