KOBE NA BARIDI: SOMO KWA SISI WA NYANDA ZA JUU

Wahenga walinena kwamba polepole ya kobe humfikisha mbali. Naam, lakini hawakutuambia kama kobe huyo alikuwa akitembea juani au kwenye ukungu. Sisi tunaosoma shule za kutwa huku Limuru ukungu tunaujua. Mwezi wa Julai tunafika darasani vidole vimekufa ganzi, hata kalamu haishikiki. Katika makala haya ninataka tujifunze jinsi kobe anavyofugwa nje katika nchi ya baridi, na kwa nini si kila kobe anaweza kuyastahimili maisha hayo.

Jambo la kwanza ni hili: kobe hana jiko ndani ya mwili wake. Mimi na wewe tukila githeri, mwili hutengeneza joto, nao hubaki karibu na nyuzi 37 iwe mchana, iwe usiku. Kobe hukopa joto kutoka nje. Ni kama jiwe la mtoni: jua likiwaka hupata moto, jua likitua hupoa. Ili tumbo lake lisage majani vizuri, anahitaji mwili wenye joto la karibu nyuzi 30. Akilikosa, chakula hukaa tu tumboni, na nguvu zake za kupigana na magonjwa hupungua. Kwa hivyo ukiniambia kobe wako hali, swali langu la kwanza si "Unampa nini?" bali ni "Anaota jua wapi?"

Sasa twende Uingereza, kwa maana watu wa huko wamefuga kobe bustanini kwa miaka mingi. Kobe wao mashuhuri aliitwa Timothy. Alikuwa wa shangazi yake kasisi mmoja, Gilbert White, wa kijiji cha Selborne. Shangazi alipofariki mwaka wa 1780, White alimchimbua Timothy kutoka katika shimo lake la majira ya baridi, akamchukua kwake na kuandika habari zake nyingi. Ati walimwita kwa jina la kiume, kumbe alikuwa jike! Jambo hilo lilijulikana baada ya kufa kwake mwaka wa 1794. Gamba lake limehifadhiwa katika makumbusho huko London mpaka leo.

Je, Timothy aliwezaje kuishi katika nchi yenye theluji? Asili yake ni nchi zinazopakana na Bahari ya Mediterania, ambako kiangazi ni kikali na majira ya baridi ni baridi kweli. Kobe wa huko huzaliwa na desturi ya kulala. Mwezi wa Novemba Timothy alijichimbia udongoni, na katikati ya Aprili akatoka. Mwaka nenda, mwaka rudi.

Wafugaji wa siku hizi hawaachi usingizi huo kwa bahati. Kwanza, humpima uzito. Aliyekonda au mgonjwa halazwi. Pili, humnyima chakula kwa wiki kadhaa huku akipewa maji, ili tumbo liwe tupu, kwa sababu chakula kikibaki humo kitaoza. Tatu, humweka katika sanduku mahali penye joto la nyuzi 5 hivi. Wengine hutumia friji, wala si mzaha! Joto likishuka chini ya 0, kobe anaweza kupofuka au kufa. Likipita 10, ataamka na kumaliza akiba yake ya mafuta kabla ya wakati.

Kuzaliana nako kunategemea joto. Jike huchimba shimo kwa miguu ya nyuma, hutaga, kisha hulifukia. Udongo wa Uingereza kwa kawaida hauna joto la kutosha kuyaangua mayai hayo. Kwa hivyo mfugaji huyafukua polepole, huyatia alama ya penseli upande wa juu ili asiyageuze, kisha huyaweka katika kisanduku chenye joto la nyuzi 30 hadi 32. Baada ya miezi miwili au mitatu watoto hutoka. Aidha, joto likiwa la chini kidogo wengi huwa madume, likizidi wengi huwa majike. Hebu fikiria!

Hata hivyo, kwa muda mrefu wengi hawakujisumbua kuwazalisha. Kobe waliletwa kwa maelfu kutoka nchi kama Moroko na Uturuki, wakauzwa kwa bei rahisi, na wengi walikufa kabla ya kumaliza mwaka. Mwaka wa 1984 Jumuiya ya Ulaya ikapiga marufuku biashara ya kuwaleta kobe hao.

Sasa turudi nyumbani. Kobe tunayemwona sana hapa Kenya ni yule mkubwa mwenye madoa kama ya chui. Makao yake ni nchi kavu zenye nyasi na vichaka, kama kule Kajiado. Huyu hana majira ya theluji katika kalenda yake. Usingizi wa Timothy haujui. Ukimwacha kwenye baridi na unyevu, halali bali huugua mapafu.

Mwaka juzi jirani yetu mmoja aliletewa kobe na dereva wa lori aliyemwokota barabarani. Watoto wa mtaa walimpenda mno. Aliwekwa nyuma ya nyumba kwenye saruji, akilishwa mkate na sukuma wiki. Juni ikaingia. Kobe akaacha kula, akajikunja ndani ya gamba, pua ikitoa mapovu. Mzee mwenyewe akatuambia, "Mwacheni, wanangu. Kobe hulala wakati wa baridi, nimesoma kitabuni." Ni kweli alisoma, lakini kitabu kilikuwa cha kobe wa Ulaya. Wiki ya pili ya Julai watoto walimwinua, shingo ikaning'inia. Kobe wa aina hiyo anaweza kuishi zaidi ya miaka 50. Pengine angetuzika sisi sote.

Basi wenzangu, tufanye nini? Kwanza, tujue sheria. Kulingana na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013, kobe ni mnyamapori, na huwezi kumfuga bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS. Hata ukimwokota njiani, si wako.

Pili, ukimkuta akivuka barabara, msaidie kufika upande aliokuwa akielekea, kisha mwache. Mshike karibu na ardhi wala usimtikise. Akiogopa hukojoa, na maji hayo ndiyo akiba yake ya kiangazi.

Tatu, ikiwa tayari yuko nyumbani kwa mtu, KWS waarifiwe haraka. Huku mkiwangoja, mwekeni mahali pakavu penye joto, aote jua mchana, na usiku asilale kwenye saruji. Mpeni nyasi pamoja na maji katika sinia isiyo na kina. Akitoa kamasi au akipumua kwa mdomo wazi, huo si usingizi. Ni ugonjwa, na anahitaji daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kwa hayo machache ninatia nanga. Mwalimu wetu wa biolojia hutuambia tusome kitabu na pia tutazame nje ya dirisha, tuone kama kinazungumzia nchi yetu. Kobe hubeba nyumba yake popote aendapo, lakini jua hawezi kulibeba.